Mguu wa Baba, stenti iliyoziba na leza: tuliyojifunza kutoka Jinja hadi Chennai

Naandika haya kwa ajili ya familia ambayo wiki hii imeambiwa kwamba mguu wa mzazi wao hauna budi kukatwa, na ambayo imesikia kwa jirani au kwa wakala wa safari za matibabu kwamba siku hizi kuna leza inayofungua mishipa ya damu iliyoziba. Leza hiyo ipo kweli, na baba yangu leo anatembea kwa miguu yake miwili baada ya kutibiwa nayo. Hata hivyo, katika safari yetu yote mwanga wenyewe ulifanya kazi kwa dakika chache tu. Yaliyoamua kama dakika hizo zingeleta faida yalitokea kabla yake na baada yake: nani alipima kama damu inafika unyayoni, alipima lini, na nani aliendelea kusimamia dawa za mgonjwa baada ya wageni wa kumpa pole kwenda zao.

Baba ni askari mstaafu. Tulikulia katika nyumba za kambi Jinja, na Kiswahili ndicho tulichosemeshwa nyumbani, kwa kuwa baba na mama walitoka katika makabila mawili na lugha ya jeshi ndiyo iliyowaunganisha. Alivuta sigara tangu alipokuwa kuruta, na kisukari kiligunduliwa baada ya kustaafu, siku alipokwenda kupimwa macho. Mambo hayo mawili, yaani sigara na kisukari, ndiyo yanayoharibu mishipa ya ateri ya miguu kuliko mengine, hasa yakiungana na shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu. Baba alikuwa nayo yote.

Dalili ya kwanza ilikuwa maumivu ya shavu la mguu wa kulia kila alipotembea kwenda Soko Kuu la Jinja. Akifika mahali fulani mguu ulibana kama umefungwa kamba, akasimama, na baada ya dakika chache maumivu yakaisha. Akiendelea, mguu ulibana tena baada ya umbali ule ule. Katika zahanati tuliyokwenda aliambiwa kwamba ni mshipa wa fahamu wa mgongo, akapewa dawa za maumivu kwa miezi. Ningependa kila msomaji mwenye mzazi aliyezidi umri wa miaka sitini alikumbuke jambo hili: maumivu ya mguu yanayokuja kwa umbali ule ule na kuondoka mtu akisimama wima, bila hata kukaa, yanapaswa kumfanya daktari aguse mapigo ya damu kwenye unyayo na nyuma ya kifundo. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala pesa.

Ndugu yetu anayeishi Nairobi ndiye aliyetufungulia macho. Tulipanda basi na kuvuka mpaka wa Busia, na huko Nairobi picha za mishipa zilionyesha kwamba ateri kubwa ya paja imefunga. Baba aliwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Alirudi Jinja akitembea, akasalimia soko zima. Alipewa aspirini pamoja na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, na atorvastatini ya kupunguza mafuta. Karatasi ya kuruhusiwa ilitaja dawa hizo kwa vifupisho vya kitabibu, na hakuna aliyeketi nasi kutueleza kwamba stenti ya paja, tofauti na jino lililong'olewa, haimalizi jambo. Dawa zilipokwisha na pesa zilipopungua, baba alizikatiza moja baada ya nyingine, kwa sababu mguu ulikuwa hauumi. Sigara nayo ilirudi, kwanza kwa siri, kisha barazani.

Kinachotokea ndani ya stenti baada ya miezi au miaka nilikuja kuelezwa baadaye. Ukuta wa mshipa ulioumizwa na puto linalojazwa ndani yake ili kuupanua, na chuma cha stenti, hujaribu kujiponya, na katika kujiponya huotesha tishu inayopenya katika matundu ya wavu mpaka njia inakuwa nyembamba tena. Damu inayopita polepole mahali hapo huganda juu yake, na mwisho njia hufunga kabisa. Ateri ya paja huathirika zaidi na jambo hili kwa sababu ni ndefu na hukunjwa na kuvutwa kila mtu anapotembea, anapoketi na anapochuchumaa.

Mara ya pili ugonjwa haukuanza na maumivu ya kutembea. Ulianza na kidonda kidogo kwenye kidole gumba, alama ya ndala mpya ambayo baba hakuisikia, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo zake. Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, alileta majani ya kuloweka mguu katika maji ya moto. Mguu usio na hisia hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba maji yanaunguza, na ngozi ya vidole viwili zaidi ikatoka. Baada ya hapo tulikwenda kusafishwa kidonda kila baada ya siku chache katika kituo kimoja cha afya, tukabadilishiwa viuavijasumu mara kadhaa, na kwa wiki zote hizo sikumwona mtu akiweka kidole juu ya unyayo kutafuta mapigo. Wauguzi walikuwa wapole na wasafi katika kazi yao. Lakini dawa inayomezwa husafiri kwa damu, na kama damu haifiki kwenye kidole, dawa nayo haifiki.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Baba hakuweza kulala kitandani, kwa sababu mguu ukinyooshwa sawa na mwili ulichoma kama moto. Aliketi kitini na kuuning'iniza hadi alfajiri, kwa kuwa uzito wa damu ulisaidia tone kidogo kushuka. Mama alikuwa akikesha naye akisoma Yasini kwa sauti ya chini. Ukimkuta mzee wako analala kitini na mguu umening'inia, usingoje miadi ya mwezi ujao. Hiyo ni hali ya hatari, na inahesabiwa kwa siku.

Kisha tukaambiwa mguu ukatwe chini ya goti. Baba alisikiliza, akamshukuru daktari kwa adabu yake yote ya kijeshi, na tulipofika nje akaniambia, "Binti yangu, mimi nilitoka vitani na miguu miwili." Usiku huo ndugu walikutana, waliopo kwa miguu na walioko mbali kwa simu. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Arua, alisema ukatwe mara moja ili mzee aishi, na mdogo wetu alisema yeye hatatia saini kamwe. Walirushiana maneno ambayo yalichukua muda mrefu kusameheana. Kwa haki, kaka hakuwa na ubaya: pale ambapo uozo unapanda kwa kasi na homa imeshika mwili mzima, kukata ndiko kunakookoa roho, na nimekutana na familia zilizopoteza mzazi kwa sababu ya kukataa. Kilichokosekana katika mjadala wetu wote ni kipimo. Tulikuwa tunagombania mguu ambao hakuna aliyejua damu yake imekwama wapi.

Daktari kijana wa hospitali ya rufaa ndiye aliyeuliza swali hilo, kwa sauti ya kawaida kabisa, alipokuwa akisoma faili: "Mzee alipimwa mtiririko wa damu lini?" Alichukua kifaa kidogo cha dopla, kinachotoshea kiganjani, akakipitisha juu ya unyayo wa kushoto tukasikia damu ikivuma, kisha akakipitisha juu ya wa kulia na kukawa na mvumo hafifu sana. Alitueleza kipimo kinacholinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na lile la mkono. Ukigawanya la mguu kwa la mkono, jibu la kati ya 1.0 na 1.4 ni la kawaida, na la 0.9 kushuka chini linaonyesha kwamba mishipa imebana. La baba lilitoka juu ya 1.4. Mdogo wangu akafurahi, akidhani kwamba juu zaidi ni bora zaidi. Daktari akatutuliza: kwa wagonjwa wengi wa kisukari kuta za ateri hujaa chokaa na kuwa ngumu kiasi kwamba mkanda wa kupimia hauwezi kuzibana, hivyo namba inapanda kwa uongo. Shinikizo la kidole cha mguu ndilo linalosema kweli, maana mishipa ya vidole haiathiriwi sana na chokaa. La kidole cha baba lilikuwa chini ya milimita 30 za zebaki, na katika kiwango hicho kidonda hakitarajiwi kupona mpaka damu irudishwe. Kwa hiyo, kama mgonjwa wenu ana kisukari na mmeambiwa kwamba kipimo cha kifundo ni kizuri, ombeni na cha kidole.

Huko Kampala alifanyiwa altrasaundi ya mishipa, na baada ya figo kupimwa, picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Msiruke kipimo cha figo kwa haraka ya kupata picha. Dawa ile huchosha figo, na kwa kuwa za baba zilikuwa tayari zimedhoofika kidogo, daktari alisimamisha metformini, dawa yake ya kisukari, kwa muda na kumwekea maji ya mshipani. Picha zilionyesha kwamba stenti ya paja imeziba kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba chini ya goti kulikuwa na ateri moja tu iliyobaki ikifika kwenye unyayo, nayo imebana. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, ina maabara ya katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na ushauri tuliopewa na madaktari wetu ulikuwa wa ukweli na wa heshima: stenti ndefu iliyojaa tishu ni kazi ambayo puto peke yake huifanya kwa matokeo ya muda mfupi, na kama familia ina uwezo, itafute mahali penye leza. Ndipo India ilipotajwa.

Kabla ya kuuza chochote nilitaka kuelewa tunanunua nini. Nilisoma sana, nikamsumbua yule daktari kijana kwa maswali, na niliyoyapata nayaeleza hapa kwa lugha yetu kwa sababu nilitamani sana kuyakuta yameandikwa hivyo.

Kutibu mshipa kutoka ndani bila upasuaji kulianza na mguu, kabla ya moyo. Januari 1964, huko Portland nchini Marekani, daktari Charles Dotter alipitisha mirija myembamba katika ateri ya paja ya mwanamke wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa na ambaye alikuwa amekataa kukatwa mguu. Mguu ulipata joto, kidonda kikapona, na bibi yule alitembea nao hadi mwisho wa maisha yake. Nilimsomea baba habari hiyo, naye akaniomba nimsomee tena. Mwaka 1974, Andreas Grüntzig alianza kutumia puto mjini Zürich, kwanza miguuni, na mwaka 1977 katika ateri ya moyo.

Leza ilikuja na matatizo yake. Leza za miaka ya 1980 ziliyeyusha uchafu kwa joto, na joto hilo liliunguza na kutoboa kuta za mishipa, kiasi kwamba madaktari wengi waliipa mgongo njia hiyo. Kilichobadilisha mambo ni aina nyingine ya leza iitwayo eksima. Novemba 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko New York, mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, alileta mabaki ya nyama ya batamzinga ya sikukuu akaielekezea mwanga huo, na yeye na wenzake Wynne na Blum wakaona kwamba unachonga tishu kwa usafi bila kuunguza pembeni. Ugunduzi huo ndio uliozaa upasuaji wa macho kwa leza, na eksima hiyohiyo, kwa mwanga wa aina nyingine kidogo, iliingia kwenye mishipa.

Leza ya mishipa hutoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 308. Mwanga hupitia katika nyuzi nyembamba za kioo zilizopangwa ndani ya katheta, na katikati yake kuna tundu la waya mwongozo. Katheta za miguu zina vipenyo kuanzia milimita 0.9 hadi 2.5. Mwanga hautoki mfululizo. Hutoka kwa mapigo mafupi sana, kati ya 25 na 80 kwa sekunde, na kila pigo hufika ndani ya tishu kwa kina cha mikromita zipatazo 50 tu. Katika kina hicho huvunja vifungo vya molekuli, huchemsha maji yaliyomo kwa muda mfupi mno, na kipovu kinachotokea kikipasuka huisambaratisha tishu iliyobaki kuwa chembe ndogo. Daktari husukuma katheta polepole, chini ya milimita moja kwa sekunde, huku maji ya chumvi yakipitishwa bila kukoma. Maji hayo ni ya lazima, kwa sababu mwanga ukikutana na damu au na dawa ya kuonyesha mishipa, vipovu huwa vikubwa na vya nguvu, na vinaweza kuchana ukuta wa mshipa.

Neno ambalo mawakala wengi hawalisemi ni kwamba leza peke yake mara nyingi haitoshi. Katheta ya milimita 2 huacha tundu la kiasi hicho katika mshipa wa milimita 5 au 6. Leza inafungua njia ya baiskeli, na puto ndilo linalokuja kuipanua iwe barabara ya lori. Tena, pale ambapo chokaa ni nyingi na ngumu, leza hii haifanyi vizuri na kuna vifaa vingine vinavyofaa zaidi. Vilevile kuna hatari ya kutoboa mshipa, na hatari ya vipande kung'oka na kuziba mishipa midogo ya chini, jambo ambalo kwa mtu aliyebakiwa na ateri moja ni zito sana.

Mahali ambapo ushahidi wake ni mzuri ni pale pale palipokuwa na tatizo la baba: stenti ya paja iliyoziba kwa tishu. Katika utafiti uitwao EXCITE ISR, uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 250 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapata leza pamoja na puto na wengine puto peke yake. Baada ya miezi sita, asilimia 73.5 ya waliopata leza hawakuwa wamehitaji kutibiwa tena mahali pale, ikilinganishwa na asilimia 51.8 ya waliopata puto tu, na madhara makubwa katika siku 30 za mwanzo yalikuwa asilimia 5.8 dhidi ya 20.5. Ilikuwa mwaka 2014 ambapo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha leza kwa matumizi hayo. Nilizisoma namba hizo mbele ya ndugu zangu wote, na kaka yangu wa Arua akauliza swali lililonyamazisha chumba: "Kwa hiyo hata kwa leza, mmoja kati ya wanne anarudi ndani ya nusu mwaka?" Ndiyo. Tuliamua kwenda tukiwa tunajua hilo, na nashukuru kwamba tulijua, kwa kuwa hakuna aliyeweza baadaye kudai kwamba alidanganywa.

Tuliuza kiwanja cha Bugembe. Mimi nilichukua mkopo wa Sacco, kaka akaleta ng'ombe, na marafiki wa baba wa jeshini walichanga kwa pesa za simu, baadhi yao elfu tano tano, jambo lililomliza baba kuliko maumivu. Kuhusu gharama nina ushauri wa aina moja ambao ningeusisitiza kwa kila familia: msikubali kupewa namba moja ya jumla. Ombeni makadirio yaliyochambuliwa, yaani katheta ya leza, maputo, puto lenye dawa, stenti kama itahitajika, dawa ya picha, maabara, kitanda kwa siku, na chumba cha uangalizi maalumu. Katika ankara yetu katheta ya leza, ambayo hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, ilizidi kitanda, chakula na vipimo vyote kwa pamoja. Ulizeni kama italipiwa hata kama daktari ataamua katikati ya kazi kwamba haifai. Ombeni pakiti yake ifunguliwe kwa ajili ya mgonjwa wenu na stika yake ibandikwe kwenye faili. Waulizeni pia madaktari wenyewe, kwa barua pepe na kabla ya kukata tiketi, kwa nini wanapendekeza leza kwa picha hizi, na wataanza upande gani. Hospitali mbili tulizoandikia zilitujibu kupitia idara ya wageni kwa bei peke yake. Ya tatu, iliyoko Chennai, ilitupa simu ya daktari aliyekuwa amekwisha kuzitazama picha, na ndiyo tuliyoichagua.

Kwa viza, India ina viza ya matibabu ya mtandaoni, na mgonjwa mmoja anaweza kusindikizwa na watu wasiozidi wawili wenye viza zao za uangalizi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hukaguliwa kwa makini kwa yeyote anayetoka Uganda, na huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo mtu aliyeiacha hadi wiki ya safari anaweza kuwekwa karantini huku kidole kinaoza. Kwa mzee aliyezidi miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, zungumzeni na daktari kwanza, kwa sababu katika umri huo chanjo hiyo ina hatari kubwa kidogo ya madhara. Ombeni kiti cha magurudumu tangu wakati wa kukata tiketi. Ndani ya ndege baba aliuning'iniza mguu kama nyumbani, na tulibeba dawa zake zote mkononi pamoja na picha kwenye diski na nakala za karatasi.

Siku ya kazi yenyewe ilikuwa tulivu kuliko nilivyoogopa. Hakulazwa usingizi, alidungwa ganzi kwenye kinena cha kushoto, na kupitia hapo waya ulivuka juu na kushuka katika paja la kulia. Kila aliyekuwamo chumbani alivaa miwani maalumu, na baba naye alivalishwa, kwa ajili ya kulinda macho dhidi ya mwanga. Alinisimulia kwamba alisikia mlio wa haraka haraka kutoka kwenye mtambo, akasikia joto kidogo la dawa ya picha, na daktari alikuwa akimwambia kwa Kiingereza cha polepole kila alichokuwa akifanya. Sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa kupitisha waya ndani ya stenti iliyoziba. Leza ilipita mara mbili, likafuata puto, kisha puto lililopakwa paklitakseli, dawa ya kuzuia tishu isiote tena, na mwisho puto dogo kwa ile ateri moja ya chini ya goti.

Kuhusu paklitakseli, mdogo wangu alikuwa amesoma habari za kutisha. Ni kweli kwamba mwaka 2018 uchambuzi mmoja uliibua hofu ya vifo kwa waliowekewa vifaa vyenye dawa hiyo miguuni, lakini Julai 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba takwimu zilizokusanywa baadaye hazionyeshi ongezeko la vifo. Tulimuuliza daktari bila kuficha, naye alitujibu bila kukasirika, na mimi hupima daktari kwa jambo hilo.

Baadaye alitakiwa kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu wa kushoto. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba uchovu wa mgongo katika saa hizo ni mkubwa, na kwamba akikohoa au kupiga chafya abonyeze kinena kwa kiganja. Asubuhi unyayo wa kulia ulikuwa na joto. Mama, aliyekuwa amekuja nasi, aliushika kwa mikono miwili na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kidole gumba hakikuokolewa. Kilikuwa kimeshakauka na kuwa cheusi, na kilikatwa siku chache baadaye. Baba alikubali bila ubishi, kwa sababu safari hii alielezwa kwamba damu iliyorudi ndiyo itakayoponya jeraha la kidole, na kwamba kukikata kabla ya damu kurudi kungeleta kidonda kipya kisichopona. Mpangilio huo wa kurudisha damu kwanza na kukata kilichokufa baadaye, isipokuwa pale usaha na homa vinapolazimisha haraka, ndio ningeomba kila familia iuulizie kabla ya kutia saini.

Nyumbani Jinja kazi ilianza upya, nayo haina mashine. Kidonda kilichukua miezi kufunga. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alitengeneza kadi ya dawa na kuibandika juu ya mlango wa chumba cha baba: aspirini na klopidogreli kwa muda uliopangwa, kisha moja kwa maisha yote, na atorvastatini kila usiku. Pesa za dawa hizo tumeziweka pamoja na ada za shule, yaani zinatoka kabla ya chochote. Nyayo hukaguliwa kila jioni kwa tochi ya simu, pamoja na katikati ya vidole. Maji ya kuoga hupimwa kwa kiwiko cha mtu mwingine. Ndala zilitolewa nyumbani, akanunuliwa viatu vya kufunika vidole. Sigara aliiacha Chennai, na naamini kilichomsaidia ni daktari aliyemwonyesha picha ya mshipa kabla na baada, akamwambia kwamba kila sigara inaurudisha kwenye ile ya kwanza.

Anafanya pia mazoezi ya kutembea, ambayo ni tiba kamili kwa ugonjwa huu ingawa hayauzwi: mara tatu au zaidi kwa wiki, anatembea hadi mguu uume, anapumzika mpaka maumivu yaishe, anaendelea, mpaka nusu saa au zaidi itimie. Kijukuu chake humhesabia mapumziko.

Altrasaundi ya mishipa hurudiwa kwa ratiba, hata asipoumwa, kwa kuwa stenti inayobana huonekana kwenye picha kabla ya mgonjwa kuihisi, na mshipa uliobana ni rahisi kuutibu kuliko uliofunga. Kipimo cha karibuni kimeonyesha kwamba mwisho wa juu wa stenti umeanza kuwa mwembamba kidogo. Damu bado inafika vidoleni vizuri, na daktari ameona tuendelee na dawa na kutembea, kisha tupime tena baada ya miezi mitatu. Ndugu tumekubaliana kila mmoja kuweka kitu kila mwezi katika akaunti ya mguu wa baba, na kaka yangu wa Arua ndiye mtunza hazina.